Fundi wa nguo wa Kibuye: uvimbe wa shingo uliotibiwa kama TB kumbe ni wa neva

Mgonjwa ni mama wa miaka 43, fundi wa nguo karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, anashona sare za shule na magauni ya harusi, mkono wake wa kazi ni wa kulia. Jina naliacha. Alikuja kliniki ya upasuaji na uvimbe kwa shingo upande wa kulia, chini kabisa, hapo juu tu ya mfupa wa mtulinga, karibu sentimita 4. Alisema aliuona kama miaka minne iliyopita akijipaka mafuta, ukiwa mdogo na hauna shida, alafu ukawa unaongezeka pole pole hadi majirani wakaanza kumuuliza. Lakini kilichomleta si ukubwa. Ni vile akibeba mkoba wenye mkanda unaopita hapo, ama mtoto akimlalia bega, anasikia stima inashuka kwa mkono mpaka kidole gumba.

Hiyo stima ndio kesi yote. Nilisoma karatasi zake zote za nyuma, kutoka vituo tofauti, na hakuna mahali imeandikwa. Kila mtu ameandika "uvimbe wa shingo, hauumi" na kwenda mbele. Na kusema ukweli hauumi, ukiuliza mtu kama uvimbe unauma atakwambia hapana, juu stima haiko kwa uvimbe, iko kwa kidole, na nani atafikiria kidole gumba kinahusiana na shingo?

Sasa hiyo hadithi ya TB. Sitaki kuwachapa sana wenzetu waliomuona kwanza, juu ukiwa unafanya kazi pande hizi za Nyanza na Magharibi, mtu mzima mwenye uvimbe wa shingo unafikiria TB ya tezi kabla hata hajaketi, na mara nyingi uko sawa. Alipimwa HIV, hana. Eksirei ya kifua safi. Hakohoi, hajakonda, hatoki jasho usiku. Wakamdunga sindano ya kuvuta seli na hapo ndio kulitokea kitu ambacho kingefaa kusimamisha kila mtu: mama aliruka karibu aanguke kitandani, mkono wote ukawaka. Jibu la maabara likarudi kwamba ni damu na seli chache ndefu ndefu, sampuli haitoshi. GeneXpert, kile kipimo cha kutafuta vijidudu vya TB, ikarudi bila TB. Kwa hivyo ushahidi wa TB ulikuwa sufuri, lakini akaanzishwa dawa "tujaribu tuone", miezi miwili ya dawa nne na miezi minne ya dawa mbili, mkojo ukawa rangi ya chungwa vile rifampisini hufanya, akameza zote hakukosa hata siku moja, na uvimbe ukabaki pale pale.

Wengine hapa watasema kutopungua ndio ilikuwa dalili. Si kweli hivyo. Tezi za TB zenyewe zinaweza kukawia kupungua, zingine hata zinavimba zaidi katikati ya matibabu na dawa bado inafanya kazi. Dalili ilikuwa ile sindano. Sindano ya kawaida ikiingia kwa tezi mtu anasema uchungu ni hapo hapo ilipoingia, haendi kushika kidole.

Baada ya dawa kuisha akaambiwa na kituo kimoja cha binafsi kwamba sasa waikate tu, kazi ndogo, dawa ya ganzi pembeni, anaenda nyumbani jioni. Tarehe ikapangwa. Kilichomwokoa ni pesa, hakuwa na deposit, muhula ulikuwa unafunguliwa na hela zote zilikuwa kwa vitambaa vya sare, akasema ataenda mwezi ujao. Huo mwezi ujao ndio akaja kwetu kwa sababu ya shemeji yake.

Mtu akikata hapo akidhani ni tezi ingeendaje? Anafungua ngozi chini ya ganzi, anaona kitu cha manjano manjano kinachong'aa, laini, kimejifunga vizuri, anafurahi kwamba kinatoka rahisi, anafunga uzi juu na chini, anakata. Kile amekifunga uzi juu na chini ni shina la neva zinazoenda begani na kwa misuli ya kukunja kiwiko. Mgonjwa anabaki na mkono unaoning'inia. Hata bila uvimbe wa neva, sehemu ya nyuma ya shingo si mahali pa kukata kata, neva ya aksesori, ile inayoinua bega, imepita juu juu hapo chini ya ngozi, na kuondoa tezi kwa kupima ndio sababu kubwa inayojulikana ya neva hiyo kukatwa na bega kuanguka. Hii "kazi ndogo" ya shingo mimi siiamini.

Kumpima kulichukua dakika chache na hakukuhitaji mashine. Unashika uvimbe na vidole viwili unausukuma. Huu ulienda kushoto na kulia vizuri lakini juu na chini ulikataa, kwa sababu neva imeshikiliwa huku na huku na uvimbe uko njiani mwake. Si neva peke yake inafanya hivyo, uvimbe unaoota pale ateri ya karotidi inapogawanyika pia unafanya, lakini ule uko juu zaidi karibu na kona ya taya na mara nyingine unadunda, na ule ukiudunga sindano ovyo utakutana na damu. Wetu haukudunda, na kwa stetoskopu hakukuwa na mlio.

Alafu daktari wa upasuaji akagonga na kidole.

"Mama, nikigonga hapa unasikia wapi?"

"Daktari, usirudie hiyo tena. Imeenda mpaka kwa kidole gumba na hiki cha kuonyesha."

Hii ya kugonga neva na kuuliza inaenda wapi inaitwa dalili ya Tinel, kwa jina la Jules Tinel, daktari Mfaransa aliyeiandika 1915 akiwa anatibu wanajeshi waliopigwa risasi wakati wa vita. Yeye alikuwa anafuata neva inayoota upya, lakini kwa uvimbe inafanya kazi vizuri tu. Kidole gumba na cha kuonyesha ni eneo la neva ya sita ya shingo, C6. Kwa hivyo kabla hata ya picha yoyote tulishajua huu uvimbe umekaa kwa nani: ule mtandao wa neva tano, nne za chini za shingo na ya kwanza ya kifua, C5 hadi T1, zinazoungana na kugawanyika kabla ya kushuka kwa mkono, na wetu uko sehemu ya juu.

Mengine aliyoangalia ni nguvu ya bega, kiwiko, kiganja na vidole, zote ziko sawa, ila refleksi ya kiwiko cha kulia ilikuwa chini kidogo. Macho, mboni zinalingana na kope haijashuka. Hiyo ya kope watu wanaisahau: kope ikishuka na mboni ikawa ndogo upande mmoja, ama uvimbe uko kwa mnyororo wa simpathetiki wa shingo, neva zinazoinua kope na kupanua mboni, ama kuna kitu kibaya kwa ncha ya pafu kimepanda, na mtu mwenye uvimbe juu ya mtulinga lazima ufikirie pafu. Sauti yake safi. Ngozi, tulitafuta madoa ya kahawia, kwa mtu mzima ukipata sita au zaidi yenye upana wa zaidi ya milimita 15 unaanza kufikiria ugonjwa wa nyurofibromatosisi ambao ni wa kurithi. Hakuwa na hata doa moja, na kwao hakuna mwenye vivimbe.

Altrasaundi ilionyesha kitu cha duara refu chenye mipaka safi na hakina ule mlango wa mishipa ya damu ambao tezi ya kawaida inao, na kwa ncha yake kulikuwa na kama uzi unaoendelea. MRI ilichelewa, karatasi za SHA, bima ya afya ya serikali, zikienda zikirudi, lakini ilipokuja ilikuwa ya kufundishia darasa: sentimita 4.2 kwa 3.1, mkia wa neva ukiingia juu na mwingine ukitoka chini, pembeni unang'aa na katikati kumefifia, umekaa kwa shina la juu pale C5 na C6 zinapoungana. Ateri ya mkono imesukumwa chini lakini haijazungukwa. Na la muhimu zaidi, matundu ya uti wa mgongo ambapo neva hutokea yalikuwa safi. Uvimbe wa namna hii mara nyingine una sehemu moja nje shingoni na nyingine imeingia ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, na wewe ukivuta ile ya nje bila kujua ya ndani unaweza kuumiza uti wenyewe. Ikiwa hivyo lazima daktari wa upasuaji wa uti awe kwa meza pia.

Bayopsi nyingine hatukufanya. Kuna watu walishangaa, eti mnaendaje thieta bila jibu la maabara. Lakini picha na kidole vilishakubaliana, na kukata kipande kwa uvimbe wa neva kunaacha kovu linaloshikanisha kila kitu, alafu ile siku ya upasuaji kamili daktari hawezi tena kutenganisha uvimbe na nyuzi za neva. Kama ungekuwa unakua mbio, mgumu, unauma usiku na mkono unazidi kudhoofika, hapo ni hadithi nyingine kabisa, unafikiria saratani ya neva na unatafuta jibu la maabara kwanza. Huu ulikuwa na miaka minne bila haraka.

Sasa uamuzi, na hapa ndio kulikuwa na mazungumzo marefu. Huu uvimbe, shwanoma, unatoka kwa seli zinazofunika neva, si saratani na mara chache sana kugeuka kuwa hiyo, na kwa kawaida unakua milimita chache tu kwa mwaka. Kwa hivyo kukaa nao na kupiga picha kila mwaka ni matibabu halali, si uvivu. Angekuwa ni nyanya wa miaka 80 asiye na stima ningesema mwacheni. Huyu mama ana stima kila anapokata kitambaa akiinamia meza, ana miaka mingi ya kazi mbele, na uvimbe ukiwa mkubwa zaidi kuutoa kunakuwa kugumu zaidi.

Mume wake alikuwa na msimamo wake. "Daktari, toa yote na mizizi yake, isirudi."

"Mzee, mizizi yake ndio mkono wa mama."

Ni vizuri mzee alisema, kwa sababu wengi wanafikiria hivyo na wananyamaza. Akachorewa kwa karatasi. Kuna njia ya kukata kila kitu, kipande cha neva na uvimbe wake, na kuziba pengo kwa neva iliyotolewa mguuni nyuma ya kifundo. Inakwenda, lakini neva inaota kama milimita moja kwa siku, kutoka shingoni hadi kwa misuli ya kukunja kiwiko ni miezi na miezi, na hakuna anayeahidi kwamba nguvu itarudi yote. Njia nyingine ni kupasua ganda tu na kutoa uvimbe kutoka ndani, nyuzi za neva zikabaki zimetandazwa pembeni. Inawezekana kwa sababu shwanoma inaota upande mmoja wa neva na kusukuma nyuzi nyingine kando, haichanganyiki nazo. Nyurofibroma, aina nyingine ya uvimbe wa neva, ndio inachanganyika, nyuzi zinapita katikati ya uvimbe wenyewe, na hiyo ndio inatoa madaktari jasho.

Mama mwenyewe alisikiliza yote alafu akauliza swali moja, "Nikibaki na mkono hauinuki nitakata kitambaa na nini?" Basi makubaliano yakawa hivi: unatolewa kutoka ndani ya ganda, na kama kuna kipande kimeshikana na uzi wa neva unaofanya kazi, kipande kinaachwa. Aliambiwa wazi kwamba kikiachwa kinaweza kukua tena baadaye, na bega linaweza kuwa dhaifu kwa wiki au miezi hata kila kitu kikienda sawa. Akaweka sahihi. Napenda daktari anayeandika hivyo kwa karatasi kabla ya thieta, kuliko yule anayetoka nje na kusema "nimetoa yote" na mgonjwa hawezi kuchana nywele.

Thieta. Jambo la kwanza ni la daktari wa nusu kaputi: dawa ya kulegeza misuli alitumia ya muda mfupi tu wakati wa kuweka mrija, baada ya hapo hakuna tena. Misuli ikilegezwa, kifaa cha kujaribu neva kinakuwa pambo. Mgonjwa amelala chali, kichwa kimegeuzwa kushoto, mkono wa kulia haukufunikwa wote ili mtu aone bega na vidole vikicheza.

Mkato ulikuwa wa kulala, vidole viwili juu ya mtulinga, kufuata mkunjo wa ngozi. Chini ya ngozi kuna neva ndogo za hisia zinazoshuka kifuani, moja ilikatwa kwa sababu ilikuwa katikati ya njia, nyingine zikavutwa kando. Mafuta yakainuliwa, mshipa wa damu uliokuwa unavuka ukafungwa, na msuli mwembamba wa omohayoidi ukakatwa. Alafu kabla ya kugusa uvimbe daktari akatafuta neva ya freniki, ile inayoshuka juu ya msuli wa skaleni wa mbele kwenda kwa kiwambo cha kupumulia. Uvimbe ulikuwa unaonekana kabisa, mtu mwenye haraka angeanza nao. Yeye alitafuta freniki kwanza, akaigusa na kifaa, kiwambo kikaruka, akaiwekea kamba laini. Nyuma yake ndio shina la juu lenye uvimbe, na neva ya suprascapula, inayoenda kwa misuli ya bega, ikichomoza pembeni.

Sehemu iliyokula muda ni kutafuta mahali pa kupasua ganda. Kwa miwani ya kukuza nyuzi zinaonekana kama mistari myeupe juu ya uvimbe. Kifaa kinaguswa kila milimita chache, umeme mdogo, unataja unachoona: "bega"... "bega"... "kiwiko"... na mara pakanyamaza. Akarudia hapo, pakanyamaza tena. Akaongeza umeme kidogo, kimya. Ganda likapasuliwa hapo, kwa urefu, kufuata mwelekeo wa neva, kamwe si kukatisha. Ganda lina tabaka nyingi nyembamba na usipofika tabaka la mwisho unajikuta unavuta nyuzi pamoja na uvimbe, kwa hivyo alienda tabaka baada ya tabaka hadi akaona uso laini wa manjano, na kutoka hapo uvimbe ukaanza kujitenga wenyewe kwa kusukumwa na kifaa butu, damu kidogo kidogo ikizimwa na koleo la umeme la ncha mbili lililowekwa nguvu ndogo.

Mwishoni kulibaki uzi mmoja unaoingia kwa uvimbe juu na kutoka chini. Huo ndio uzi uliouzaa. Ukajaribiwa juu, kimya, chini, kimya, ukakatwa. Uvimbe ukatoka mzima. Shina likajaribiwa tena juu ya pale palipokuwa na uvimbe, bega likaruka, kiwiko kikakunja, na hapo ndio watu wakapumua. Maji yakawekwa kwa kidonda na mapafu yakajazwa hewa kuangalia kama kuna povu, kwa sababu ncha ya pafu iko karibu sana hapo. Hakuna. Mrija wa kutoa damu, nyuzi, kwisha.

Usiku alilala vizuri. Asubuhi yake hakuweza kuinua mkono kupita usawa wa bega, nguvu ya bega nilipima 3 kwa 5 (5 ndio nguvu kamili), kiwiko 4, kidole gumba kina ganzi. Mume akatuangalia kwa jicho fulani. Lakini hii ndio ile iliyoandikwa kwa karatasi, neva ikivutwa vutwa inalala, na kwa kuwa kifaa kilijibu baada ya uvimbe kutoka tulijua haijakatika. Eksirei ilionyesha kiwambo kiko mahali pake na hakuna hewa nje ya pafu. Fizio akaanza naye hapo wodini, kwanza kuhakikisha bega halikauki: mkono kupanda ukutani kwa vidole, mkono mzuri ukiinua ule dhaifu kwa fimbo. Watu wa hapa wanachukulia fizio kama kitu cha hiari, huyu hakukosa, alikuwa anahesabu siku za muhula. Wiki ya sita bega likawa 4, mwezi wa tatu 5. Ganzi ya kidole ikaisha mapema zaidi. Stima iliondoka siku ile ile ya upasuaji na haijarudi.

Jibu la maabara: shwanoma, sehemu zenye seli zilizobanana na sehemu zilizolegea, zile zinazoitwa Antoni A na Antoni B kwa jina la Nils Antoni wa Uswidi aliyezieleza 1920, na miili ya Verocay, viini vya seli vilivyojipanga safu safu, ndani yake. Rangi ya S100, inayosaidia kutambua seli zinazofunika neva, ilishika kila mahali. Hakuna saratani, na hakuna TB.

Kuna mwenzangu aliniuliza kama mambo yangekuwa hivyo hivyo uvimbe ukiwa kwa neva nyingine ya shingo. Upasuaji unafanana, bei ya kupoteza ndio tofauti. Ukiwa kwa vagasi, ile inayoshuka katikati ya ateri ya karotidi na mshipa wa jugula, uvimbe wake unavitenganisha kwa picha, ukiubonyeza mgonjwa anakohoa, na kinachowekwa mezani ni sauti na kumeza, wakati wa upasuaji moyo unaweza kupunguza mwendo ghafla na mtu wa nusu kaputi lazima awe na atropini, dawa ya kuharakisha moyo, mkononi. Mwalimu au mhubiri hapo ningemshauri afikirie sana kabla ya kukatwa. Ukiwa kwa mnyororo wa simpathetiki, kope inashuka karibu kila mara, na wengine wanapata maumivu makali karibu na sikio wakati wa tonge la kwanza tu la kila mlo, yanapungua wakiendelea kula. Hawafi na hiyo, lakini mtu asipoambiwa mbele atadhani ameharibiwa.

Mama tulimwona tena mwaka mmoja baadaye, MRI safi. Ana sehemu isiyosikia chini ya kovu, juu ya kifua, ile neva ndogo ya hisia iliyokatwa, anasema haimsumbui ila akivaa shingo wazi. Kwa faili ya TB bado alikuwa ameandikwa "amemaliza matibabu", maana yake siku akikohoa popote atahesabiwa kama mtu ambaye TB imemrudia. Tukaandika barua kwamba uvimbe ulikuwa shwanoma na TB haikuwahi kuthibitishwa, tukaambatisha jibu la maabara, nakala moja akabaki nayo na nyingine ikapelekwa kliniki ya TB waingize kwa rejista.